Rekodi ya Kikao Isibaki Kwenye Akaunti ya Mtu

Ofisi za Mwanza zinazoshughulika na Ziwa Victoria haziwezi tena kufanya kazi bila vikao vya mtandaoni, na sababu kubwa ni ziwa lenyewe. Maji yake yamegawanyika kati ya nchi 3, Tanzania ikiwa na takribani asilimia 51, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lina makao yake Jinja, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu, na hapa kwetu kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Jambo moja tu linalowahusu wachakataji wa dagaa wa Nansio, kisiwani Ukerewe, linaweza kuhitaji watu wa miji hiyo yote wazungumze kwa wakati mmoja, na kuwaleta wote chumba kimoja kunadai nauli, malazi na siku za safari ambazo miradi mingi haizimudu. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa katibu wa vikao vya aina hiyo. Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni kwamba rekodi ya kikao, inapoanza kuwepo, huwa ni faili lililo ndani ya akaunti ya mtu mmoja, mara nyingi likiwa na tarehe ya kufutwa, na ofisi isipolitoa humo mapema hubaki na kiungo ambacho siku moja hakitafunguka.

Wapo wanaosema kwamba muhtasari unatosha, na kwamba kurekodi ni kujaza diski bure. Siafikiani nao. Muhtasari hubeba maamuzi, na ni halali uwe hivyo, lakini katika vikao vyetu uzito mara nyingi upo kwenye maelezo yaliyotangulia uamuzi: mvuvi anapoeleza kwa nini nyavu za aina fulani zinamletea samaki wachanga, au mama anayenunua dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba anapoeleza jinsi mvua za masika zinavyomwozeshea mzigo uliokuwa umeanikwa. Maelezo ya namna hiyo hayaingii kwenye sentensi mbili za katibu bila kupoteza kitu. Isitoshe, anayekosa kikao kwa kawaida ndiye anayehusika zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kikao kinachopangwa saa nne asubuhi, saa inayopendwa sana na ofisi, kikiangukia siku za giza humkuta mvuvi ametoka majini alfajiri akiwa hajalala, na humkuta mwanamke mchakataji ameinama juani akianika. Ongeza mtandao unaoyumba visiwani na umeme unaokatika bila taarifa, nawe utaona kwamba kwa watu hawa rekodi ndiyo njia ya pekee ya kuhudhuria.

Sasa, faili hilo huenda wapi? Jibu hutofautiana kulingana na mfumo unaotumika, na katibu anapaswa kulijua kabla kikao hakijaanza.

Katika Zoom kuna njia mbili ambazo watu huzichanganya. Anayetumia akaunti ya bure, ambayo kikao chake hukomea dakika 40, anaweza kurekodi kwenye kompyuta yake tu, na faili huwekwa ndani ya folda ya Zoom iliyo kwenye folda ya nyaraka za kompyuta hiyo, kila kikao kikiwa na kijifolda chake chenye tarehe. Anayetumia simu hana njia hiyo ya kuhifadhi kwenye kifaa chake. Mwenye akaunti ya kulipia anaweza kurekodi kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Zoom, na hapo kikao huzaa mafaili kadhaa yaliyotengana: video, sauti peke yake, na ujumbe ulioandikwa wakati wa mazungumzo. Mshiriki wa kawaida hawezi kurekodi kwenye kompyuta yake mpaka mwenyeji wa kikao amruhusu, na rekodi iliyofutwa kwenye hifadhi hiyo hukaa kwenye kapu la taka kwa siku 30 kabla ya kupotea kabisa. Faili la sauti peke yake halithaminiwi inavyostahili, nami nitalirudia baadaye kwa sababu ndilo linalotufaa sana sisi wa huku.

Microsoft Teams ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na ndiyo inayotumiwa na wabia wetu wengi. Kikao cha kawaida kikirekodiwa, faili huingia kwenye OneDrive, yaani hifadhi binafsi ya mtandaoni, ya mtu mmoja wa upande wa mwenyeji, katika folda iitwayo Recordings. Kikao kilichofanyika ndani ya chaneli ya timu, faili lake huenda kwenye SharePoint, yaani hifadhi ya pamoja, ya timu hiyo. Waalikwa wa taasisi ileile huweza kuitazama rekodi, lakini kuitazama hakuwapi ruhusa ya kuipakua, na mshiriki aliyetoka taasisi nyingine haioni kabisa mpaka mwenye faili amshirikishe kwa jina. Hapa ndipo sisi wa Mwanza tunapokwama mara kwa mara. Kikao kimeandaliwa na mbia aliye mji mwingine, nusu ya waliozungumza ni watu wetu, na kikao kikiisha sisi hatuna hata mlango wa kuingilia. Juu ya hayo, Teams huipa kila rekodi mpya muda wa kuishi, na kama msimamizi wa mfumo hajabadilisha chochote, muda huo ni siku 120. Siku zikitimia, faili huhamia kwenye kapu la taka, ambako mwenyewe anaweza kulirudisha kwa takribani miezi 3, kisha basi. Kuitazama rekodi hakuongezi muda hata kwa siku moja. Mwenye faili anaweza kusogeza mbele tarehe hiyo au kuiondoa kama msimamizi wa mfumo ameruhusu, lakini nakala iliyokwisha kupakuliwa haiguswi na tarehe yoyote, na hiyo ndiyo sababu ninasisitiza kupakua badala ya kuomba muda zaidi.

Google Meet ni rahisi kuieleza. Akaunti ya bure hairekodi. Taasisi yenye akaunti ya kulipia inayoruhusu kurekodi itaikuta rekodi kwenye Google Drive ya aliyeandaa kikao, ndani ya folda iitwayo Meet Recordings, na kiungo hutumwa kwa barua pepe kwa mwandaaji na kwa aliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Baada ya kikao huchukua muda kabla faili halijatokea, kwa hiyo asiyelikuta papo hapo asidhani limepotea.

Kinachounganisha mifumo yote hii ni kwamba kumbukumbu ya watu wengi huwekwa chini ya jina la mtu mmoja. Mtu huyo akiwa kazini, akiwa mzima na akiwa na moyo wa kushirikisha, mambo huenda. Lakini ajira nyingi za miradi huku kwetu ni za mkataba. Ninaifahamu ofisi moja ya mwambao ambayo mratibu wake alimaliza mkataba, akaaga vizuri, akakabidhi gari, funguo na laptopu. Akaunti yake ikafungwa kama utaratibu unavyotaka, na hakuna aliyekumbuka kwamba rekodi za vikao vya mwaka mzima na vikundi vya wavuvi zilikuwa ndani ya akaunti hiyo. Katika OneDrive ya kazini, akaunti ikishafutwa, mafaili yake hutunzwa siku 30 tu kama msimamizi hakupanga vinginevyo. Walipozihitaji kwa ajili ya tathmini ya mradi, siku hizo zilikuwa zimepita zamani. Simlaumu mratibu yule, kwani hakuna fomu ya makabidhiano iliyomuuliza juu ya rekodi. Ninaamini kila fomu ya makabidhiano inapaswa kuuliza, kwa mstari wake maalumu, kama inavyouliza juu ya funguo.

Upande wa kupakua una shida zake, na hizo zinahitaji kuelezwa kwa urefu kwa sababu maelekezo tunayoyakuta mtandaoni huandikwa na watu wenye intaneti isiyokatika. Kwa makadirio ya Microsoft, saa 1 ya rekodi ya Teams ni takribani MB 400, hivyo kikao cha saa 2 kinakaribia MB 800. Kwa ofisi yenye nyaya za intaneti pale mjini kati, hilo si jambo. Kwa afisa aliye kisiwani Ukara anayetegemea bando la simu, ni jambo kubwa sana, na upakuaji ukikatika ukiwa umefika asilimia 90 huenda akalazimika kuanza upya na bando limekwisha. Kwa sababu hiyo tumekubaliana ofisini kwetu kwamba upakuaji wa video ni kazi ya ofisi ya Mwanza peke yake, na watu wa visiwani wasitumiwe kiungo cha video na kuachwa wajitegemee.

Mtandao unaoyumba una dawa yake, na ni kuacha kupakua kupitia kivinjari pale inapowezekana. Programu ya OneDrive au ya Google Drive ikiwekwa kwenye kompyuta, folda yenye rekodi huweza kuamriwa ikae kwenye kompyuta yenyewe, na upakuaji ukikatika programu huendelea mtandao unaporudi bila mtu kusimamia. Sisi huiacha usiku, mtandao unapokuwa mwepesi. Kivinjari nacho hufaa, lakini kina tabia ya kuacha faili nusu lenye jina linalofanana na faili kamili, na mtu asiye mwangalifu atalihamishia kwenye diski akiamini kazi imekwisha. Ukaguzi ni rahisi na haupaswi kurukwa: linganisha ukubwa wa faili ulilonalo na ukubwa unaoonekana mtandaoni, kisha lifungue, sogea hadi dakika za mwisho, usikilize kama mwenyekiti anafunga kikao. Ukisikia ajenda ya tatu inakatika katikati ya sentensi, faili halijakamilika.

Kurekodi moja kwa moja kwenye kompyuta kunaondoa gharama ya kupakua, lakini kunaleta hatari ya umeme. Faili la video la MP4 huandikiwa fahirisi yake mwishoni, na kompyuta ikizimika kabla rekodi haijafungwa, unaweza kubaki na faili kubwa lisilofunguka. Zoom kwa upande wake huandika kwanza faili ghafi na kuligeuza kuwa video kikao kinapokwisha, hivyo anayefunga laptopu haraka ili awahi kivuko hukuta ugeuzaji haujakamilika; faili hilo ghafi lisifutwe, kwani kwa kulibofya mara mbili ugeuzaji huanza tena. Anayerekodi kwa kutumia OBS Studio, programu ya bure, achague umbizo la MKV, ambalo sehemu iliyokwisha kurekodiwa husomeka hata umeme ukikatika, kisha aligeuze kuwa MP4 baadaye. Na laptopu isiyokaa na chaji isipewe kazi ya kurekodi, hata kama ni ya bosi.

Nilisema nitarudi kwenye sauti. Vikao vyetu ni vya maneno. Picha ndani yake ni nyuso kwenye vidirisha vidogo na mara chache jedwali la mtaalamu. Sauti ya mazungumzo iliyobanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde husikika vizuri kabisa kwenye simu ya kawaida, na kwa kiwango hicho saa 1 ni kama MB 14. Kikao kilichokuwa na MB 800 za video kinakuwa na MB 29 za sauti. Kazi hiyo hufanywa na VLC, programu ambayo karibu kila kompyuta ya Mwanza inayo kwa ajili ya kuangalia filamu, kupitia sehemu yake ya kugeuza na kuhifadhi, na anayetumia hifadhi ya mtandaoni ya Zoom hahitaji hata hilo, kwa kuwa faili la sauti limekwisha kutengwa. Nakala hiyo ndogo ndiyo tunayoituma kwa WhatsApp, tena kama waraka, ili programu isiibane tena, na ndani ya ujumbe tunaandika ukubwa wake ili mpokeaji achague mwenyewe wakati wa kuipokea. Tunaandika pia dakika ambazo jambo lake limezungumzwa. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, anayetaka kusikia hoja ya leseni hana sababu ya kusikiliza saa nzima ya taarifa ya fedha. Wasio na simu janja huletewa kwenye kadi ya kumbukumbu na kusikiliza kwa spika ya mwenzao, wakiwa kikundi, wakati wa mbalamwezi wanapokuwa na nafasi, na nimeshuhudia kwamba maswali yanayorudi kutoka kwenye usikilizaji huo ni mazito kuliko yaliyoulizwa kwenye kikao.

Ila kuna jambo linalotangulia yote haya, na nililijali kidogo nilipoanza kazi kuliko ninavyolijali sasa. Mifumo yote huwatangazia washiriki kwamba kikao kinarekodiwa, lakini tangazo la mfumo huwa limeandikwa kwa Kiingereza, nalo hupita. Katika kikao kimoja mzee mmoja mvuvi alikuwa akieleza jinsi nyavu haramu zinavyoingizwa kwenye mwalo wao, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, akaona alama nyekundu kwenye skrini ya kijana aliyekuwa amemshikia simu, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, haya ninayoyasema yataenda kwa nani?" Nilimjibu, "Mzee wangu, yatabaki kwa sisi tuliomo humu, na ukitaka tuzime, tunazima." Akasema tuzime. Tukazima, akaeleza, tukawasha tena alipomaliza, na kwenye muhtasari iliandikwa kwamba sehemu hiyo haikurekodiwa kwa ombi la mjumbe. Naona alikuwa na haki kamili. Mtu anayetaja jinsi biashara haramu inavyofanyika mwaloni kwake anarudi kulala mwaloni hapohapo, na faili la sauti la MB 29 husambaa kwenye simu za watu kwa urahisi uleule unaotufurahisha sisi makatibu.

Sheria nayo ipo upande wa mzee huyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana na zisitunzwe kwa muda mrefu kuliko lengo hilo linavyohitaji, na sauti au sura ya mtu ni taarifa zake. Kenya na Uganda zina sheria zao za aina hiyo, zote za mwaka 2019, na kikao cha ziwa hugusa nchi zote 3 kwa mara moja. Kwa hiyo kabla kitufe hakijabonyezwa, mwenyekiti wetu husema kwa Kiswahili kwamba tunataka kurekodi, anaeleza ni kwa ajili gani, nani atapata nakala na itatunzwa hadi lini, kisha anasubiri. Kusubiri huko ni muhimu kuliko maneno yaliyotangulia. Anayekataa hatakiwi kutoa sababu. Na mshiriki anayerekodi kwa siri na simu nyingine, kwa madai kwamba alinyimwa rekodi rasmi, anatuharibia imani ambayo imechukua muda mrefu kujengwa na watu wa mialo, hata kama nia yake ni njema.

Baada ya hapo iliyobaki ni kazi ya masjala, na sioni sababu ya kuigeuza kuwa jambo la ajabu la TEHAMA. Ofisa masjala anajua kuhifadhi barua. Faili la kikao lina mahitaji yaleyale. Jina ambalo mfumo huliweka huwa ni mfululizo wa tarakimu au jina la kikao kinachojirudia kila wiki, kwa hiyo siku hiyohiyo tunalibadilisha, tukianza na mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo ili mafaili yajipange yenyewe, kisha jina la kikao na mahali mwandaaji alipo. Mazungumzo yaliyoandikwa nayo hupakuliwa pamoja, kwa sababu mara nyingi humo ndimo watu wenye mtandao dhaifu walimoandika waliposhindwa kusema. Nakala moja hukaa kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyo chini ya akaunti ya ofisi, na nyingine kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, mbali na kompyuta iliyotumika. Mwishoni mwa kila muhtasari huwekwa aya fupi inayotaja rekodi ilipo, nani aliipokea, sehemu gani hazikurekodiwa, na tarehe ambayo video itafutwa.

Video tunaifuta, ndiyo. Muhtasari ukishathibitishwa katika kikao kinachofuata na hakuna mgogoro juu ya kilichosemwa, tunabaki na sauti, na sauti nayo huondolewa mradi unapofungwa na ukaguzi wake kumalizika, isipokuwa pale ambapo waliozungumza wenyewe wameomba itunzwe. Vikundi viwili vya wanawake wachakataji wameomba hivyo, kwa sababu wanataka mabinti zao wasikie jinsi bei ya dagaa ilivyokuwa ikijadiliwa, na ombi lao limeandikwa kwenye faili la masjala. Diski tuliyonayo imekaribia kujaa. Ya pili tumeiombea fedha kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai, pamoja na bando la usiku la ofisi.